Kuna chakula cha kupika nyumbani na chakula cha kufuata kilipo: wapenda kula tukutane hapa

Sufuria Nzito (mleta uzi), Dar

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee tumbo. Mimi ni baba mwenye familia, naishi Ilala, napenda kupika na napenda kwenda kula nje, vyote viwili kwa kiwango kilekile. Nikisema hivyo kazini wananishangaa. Kwao anayejua kupika hana haja ya hoteli, na anayeshinda hotelini ni yule ambaye jiko la kwake halijui moto. Mimi naona kupika ndiko kulikonifundisha kula nje. Ukishasimama jikoni mwenyewe unajua kitu gani hapo kwako hakiwezekani hata ukeshe. Basi hicho unakifuata kwa wanaokiweza na unalipa bila kinyongo. Kinachowezekana nyumbani, kukilipia hotelini roho inaniuma.

Mfano kuku wa kuchoma. Kwenye jiko dogo la mkaa ukiweka moto wa kutosha kuku anaungua nje, ndani damu. Ukiupunguza anakauka kabla hajaiva. Wachomaji wakubwa wana jiko refu la chuma, mkaa umejazwa upande mmoja, upande wa pili umetandazwa kidogo tu. Kuku anaanzia kwenye joto la wastani, anamalizia kwenye moto mkali. Mafuta yanadondokea mkaani, moshi unampanda, na hapo ndipo inatoka ile harufu inayokufanya ushuke kituo ambacho si chako. Hiyo ndiyo inayonipeleka Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, jioni meza zikishatandazwa nje. Naagiza kuku sekela na mkate, nakaa naangalia magari. Nilishajaribu kumuiga sekela nyumbani kwa kila namna, viungo nadhani navijua vyote, lakini moto ule sina.

Watu wa Arusha wana Khan's, Mtaa wa Mosque. Mchana duka la vipuri vya magari, jioni wanatoa majiko nje panageuka barbekyu. Ukipita saa nane mchana huwezi kuamini kwamba saa mbili usiku hapohapo utakuwa umeshika mshikaki.

Chipsi nazo nimeziacha kwa wenye vibanda. Sababu ni mafuta. Nyumbani unaweka mafuta nusu lita, ukitumbukiza viazi yanapoa palepale, viazi vinabaki kunywa mafuta badala ya kukaangika. Muuza chipsi ana karai la lita kadhaa, halipoi. Halafu anakaanga mara mbili: ya kwanza mapema mpaka viazi viive ndani vikiwa bado vyeupe, anaviopoa na kuvilundika pembeni. Ukija kuagiza ndipo anavirudisha kwenye mafuta ya moto mkali. Ule mlundiko wa chipsi nyeupe watu wanaousema kuwa ni chipsi za jana, ndio ufundi wenyewe.

Na supu ya makongoro nafuata. Hii nikiri inaniharibia hoja yangu, kwa sababu haihitaji moto mkali wala karai, ni subira tu. Ila kwato zinataka usiku mzima jikoni, na mtungi wa gesi nanunua mwenyewe.

Ninavyopika sasa. Wali wa nazi, mchicha, kisamvu, mbaazi, maharage, samaki wa kupaka, pilau. Vyote hivi vina nazi au vina muda ndani yake, na hoteli nyingi zinabana hapohapo. Tui la hotelini mara nyingi ni jepesi, ukilionja unaona limepitishwa maji mara nyingi mno. Kwangu nazi inakunwa, naikamua mara ya kwanza kwa maji kidogo, hilo tui zito naliweka pembeni. Naongeza maji nakamua tena mara mbili, hilo jepesi ndilo linalochemka na chumvi na kuivisha mchele. Tui zito linaingia mwishoni maji yakikaribia kukauka, nafunika, napunguza moto, juu ya mfuniko napalia makaa machache. Wali unakauka juu na chini kwa pamoja.

Samaki wa kupaka naanzia Feri, soko la samaki. Nafika alfajiri, mnada unaendelea, nasimama nyuma kwa sababu mimi si mtu wa ndoo nzima. Namsubiri mchuuzi aliyenunua fungu aanze kurejareja. Changu wa size ya sahani, macho yamejaa na yanang'aa, nikifunua matamvua niyakute mekundu. Nikibonyeza mgongo nyama irudi. Nampeleka kwa vijana wa kupara magamba, dakika tatu katoka safi, kapasuliwa mgongoni kafunguka kama kitabu. Nyumbani anapata chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili mbichi, anakaa. Wakati huo tui zito liko motoni na ukwaju, manjano kidogo na pilipili, na hapo huruhusiwi kwenda kufungua mlango: ukiacha kukoroga kabla halijachemka linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini. Likiwa zito la kushika kijiko, samaki aliyechomwa nusu anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, mpaka lile tui lifanye ngozi yenye madoa meusi. Hapo mimi na familia hatuongei.

Karibuni. Tajeni mnachopika wenyewe na mnachofuata, na wapi. Msitaje jina la hoteli kwa ubaya, wana watoto wa shule kama sisi.

Mzee wa Supu, Dar

Nimeweka kigoda. Mkuu hukutaja Kisutu. Mtu wa Ilala unaanzishaje uzi wa kula bila kutaja chai ya maziwa na kababu za K.T. Shop? Asubuhi ya Jumamosi pale ukikuta pa kukaa ujue umeamka vizuri.

Sufuria Nzito

Mzee wangu, nilikuachia wewe. Nikiongezea kwenye mtaa huohuo wa mahekalu, nikitaka kupumzika nyama naingia Chapan Bhog. Hawapiki nyama kabisa. Masala dosa yao naihesabu kwenye vitu vya kufuata: unga wa mchele na dali uliochachuka usiku kucha, unamiminwa juu ya bamba la moto na kutandazwa mwembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili. Kikaango changu cha nyumbani kina moto katikati tu, kando kinabaki cheupe.

Bi Tui, Unguja

Salaam alaykum nyote. Mie nimesoma mpaka mwisho nikingoja urojo. Sikuuona. Mtu anazungumza kula nje, urojo hana!

Hebu nikusaidie kanuni yako, maana urojo unaithibitisha. Ule mchuzi wenyewe wa manjano si kazi kubwa: unga wa ngano kidogo, manjano, embe mbichi na ndimu uwe mchachu, unauchemsha. Tabu iko kwenye vya kutia ndani. Bajia za dengu, kachori, mbatata zilochemshwa, yai, mishkaki, chatini ya nazi, pilipili, na juu yake zile chipsi nyembamba za muhogo. Kila kimoja kina chungu chake. Ukitaka bakuli mbili za urojo nyumbani umechafua jiko kwa bakuli hamsini. Yule bibi wa barazani anapika za mtaa mzima, na kila kitu kwake ni cha moto kwa sababu hakikai. Kwa hivyo urojo ni wa kufuata, hata mie niliyezaliwa nao.

Wageni wakija wanakimbilia Forodhani. Mie Forodhani naenda kwa upepo na juisi ya miwa, na bustani tangu ilivyofunguliwa upya 2009 baada ya watu wa Aga Khan kuitengeneza imependeza kwelikweli. Watoto wangu wanataka ile wanaoiita Zanzibar pizza, yaani chapati nyembamba iliyofungwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu. Wale, sina ugomvi. Lakini chakula cha mchana cha kukaa, napeleka mgeni wangu Lukmaan, Mkunazini, pale penye mbuyu. Vyakula vimepangwa mbele unaviona: pweza wa nazi, samaki, wali, mboga. Unaonyesha kidole, unapakuliwa. Mgeni asiyejua Kiswahili wala asiyejua chakula chetu hapo hatahayariki.

Na huo wali wako wa kupalia nimeupenda. Siku hizi vijana wanafunika na foili wanaona wamepalia.

Kona ya Choma, Nairobi

Niaje wakubwa. Nimeingia kama jirani.

Kwa hii maneno ya kuku sekela na viungo, nyinyi Wabongo mnapenda kuficha nyama. Sisi choma ni nyama, moto na chumvi, kwisha. Ukienda Kenyatta Market unachagua nyama yako ikiwa mbichi, mbavu ama mguu, inapimwa kilo mbele yako, unaenda kukaa. Unakaa sana. Mtu akikuletea choma baada ya dakika kumi na tano jua ilikuwa ya mtu mwingine. Inakatwakatwa hapo kwa meza juu ya ubao, chumvi kando, kachumbari, ugali. Viungo vya nini tena?

Samaki ndio tunakubaliana. Mimi kwa nyumba sipiki samaki mzima, sufuria yangu haimtoshi. Naenda Ranalo, wengi wanapaita K'Osewe, ama kwa Mama Oliech, samaki wa kukaanga halafu mwingine wa mchuzi, ugali ya kushikika na mboga za kienyeji. Mark Zuckerberg wa Facebook alipokuja Nairobi Septemba 2016 alipelekwa kwa Mama Oliech, akala samaki na ugali kwa mkono. Sijui kama alimaliza kichwa. Kichwa ndio mtihani.

Sufuria Nzito

Jirani karibu sana. Choma ya chumvi tupu naiheshimu, inamtaka mchomaji anayejiamini. Lakini mishkaki bila papai bichi, tangawizi na thomu hiyo kwetu haipiti. Na papai halipo kwa ajili ya ladha: ndani yake mna kimeng'enya kinacholainisha nyama. Unasaga kipande kidogo pamoja na maganda, unaipaka nyama ngumu ya ng'ombe wa machungani, saa moja au mbili inatosha. Wanaoilaza usiku kucha ndio wale mishkaki yao inakuwa laini kama ini iliyochacha, unatafuna hujui unatafuna nini.

Mama Wawili, Morogoro

Nimesoma, mate yamenitoka, lakini nina swali kwa mleta uzi na wanaume wote wa "napenda kupika". Mnapika Jumapili. Mnapika pilau, mnapika samaki wa kupaka, mnapiga picha mnatupia kwenye magrupu. Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi uji wa mtoto anapika nani? Na hayo masufuria yenye ukoko nani anasugua? Mimi nawapikia watu watano kila siku na sijawahi kuambiwa nina "mapenzi ya kupika". Naambiwa chakula kiko wapi.

Kwa upande wangu chakula cha kufuata ni chochote ambacho sikukiosha vyombo vyake. Hata ugali maharage wa mama lishe pale stendi, nikikaa kwenye benchi akaniletea, akatoa sahani nikainuka, nimekula hotelini.

Sufuria Nzito

Dada yangu hapo umenipiga penyewe. Kwangu ukoko nasugua mwenyewe, hilo mke wangu aliliweka sawa tangu zamani: anayepika pilau anamalizana na sufuria lake. Uji wa Jumanne ni wake, wa Jumatano na Alhamisi ni wangu kwa sababu yeye anatoka mapema. Lakini hoja yako inabaki palepale. Wanaume tunaopenda kupika tunachagua siku na chakula. Anayepika kila siku hachagui. Ndiyo maana kwetu tukienda kula nje, anayechagua pa kwenda ni yeye, na mara nyingi hanipeleki Mamboz. Ananipeleka mahali pa ndizi nyama.

Mama Wawili

Nimekuelewa, kaka. Mwambie wifi namsalimia, na akuongezee Ijumaa.

Mahamri Moto, Mombasa

Assalaam alaykum. Nyinyi mwazungumza mchana na usiku, asubuhi mwala nini?

Kwetu asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na hapa nampinga ndugu mleta uzi. Mbaazi napika mwenyewe, nazirovya usiku, asubuhi zachemka mpaka zilainike, ndipo zatiwa tui na bizari na pilipili nzima isipasuke. Lakini mahamri sipiki tena. Unga uumuke vizuri na hamira, tui na iliki, ukatwe, uumuke tena, halafu mafuta yawe na moto wa sawasawa: yakipoa hamri lanywa mafuta, yakizidi labadilika rangi kabla halijafura ndani. Mama wa mtaani kwetu afungua saa kumi na mbili, saa mbili keshamaliza. Mimi nani nishindane naye? Hivyo kwa mlo mmoja nusu napika, nusu nafuata. Kanuni yako haikuliona hilo.

Jioni ni viazi karai kwa ukwaju, hivyo navyo hula nikiwa nimesimama, nikikaa havina ladha. Na nikiwa na wageni nawapeleka Tarboush, Barabara ya Makadara, wale kuku wa tikka na naan. Watu hujaa mpaka nje, watoto walia, weita wapita mbio, ndiyo raha yake.

Biriani napika nyumbani na sitaki kusikia habari za biriani ya hoteli.

Bi Tui

Ndugu yangu wa Mombasa, kwa biriani nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila tuambie, kwenye sosi mnatia mbatata hamtii?

Mahamri Moto

Twatia, dada, lakini zakaangwa mwanzo mpaka zishike rangi. Mbatata mbichi kwenye sosi ya biriani yavunjikavunjika, sosi yawa uji. Na kitunguu ni kingi, chakaangwa hadi kiwe kikavu chavunjika mkononi, nusu chaenda kwenye nyama na mtindi, nusu chabaki kunyunyizwa juu ya wali na zafarani. Nyama haikutani na wali mpaka sahanini, au hutandwa juu yake dakika za mwisho.

Mghaibuni, Maskati

Wazee nawasoma kutoka Oman roho ikiniuma. Hapa Maskati jioni ukipita barabarani utakuta majiko ya mkaa yanawaka, wanauza mishkaki, na jina ni lilelile, mishkak. Inakuja na sosi ya ukwaju. Siku ya kwanza nilipoionja nilimuuliza mchomaji kwa Kiarabu changu cha kubabaisha hii sosi anatengenezaje, akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Bibi yake alilelewa Unguja.

Nyumbani ninachopika ni mkate wa kumimina, kwa sababu mchele, nazi ya unga, hamira na iliki vyote vinapatikana, na sufuria la kupalia nimetoka nalo kwetu. Mkaa wa juu ndio tatizo, naishi ghorofani, basi mkate nautia kwenye oveni nafunga macho. Unaiva. Hauwi uleule.

Kijana wa Ghetto, Dar

Wakuu mimi naishi peke yangu, nina jiko la gesi plate moja na sufuria mbili. Swali langu: pilau yangu kila siku inakuwa bokoboko. Wali wa kawaida naupika fresh. Shida nini?

Sufuria Nzito

Mdogo wangu, nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili linawakuta wengi.

Kwanza mchele. Mchele mpya, uliotoka shambani msimu huu, una unyevu na unashikana. Wa Kyela unanukia vizuri sana ila ukiupata mpya kwenye pilau utakusumbua. Huo upikie wali wa kula na mchuzi. Kwa pilau mwambie muuzaji akupe mchele wa zamani, uliokaa, ataelewa. Unanywa supu nyingi na unabaki punje punje.

Pili, kitunguu. Vijana mna haraka. Kitunguu cha pilau kinakaangwa kwa moto wa wastani mpaka kiwe cha kahawia iliyokolea, hapo ndipo rangi ya pilau inatoka. Sio kwenye soya sosi. Kikishaanza kubadilika usitoke, kutoka kahawia kwenda kuungua ni sekunde chache na uchungu wake hauondoki. Thomu na tangawizi vinaingia kitunguu kikiwa tayari, vikitangulia vinaungua. Halafu binzari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu chache na pilipili manga, uvitwange muda huohuo. Karafuu usizidishe, tatu nne kwa kilo ya mchele zinatosha.

Tatu, na hapa ndipo unapoharibu naamini: supu unaikadiria kwa macho. Ule wali wako mweupe mkono umeuzoea, lakini kwenye pilau kuna nyama, kuna viazi, kuna nyanya kama unatia, na kitunguu chenyewe kina maji. Pima. Mchele mkavu kikombe kimoja, supu vikombe viwili kasoro. Kama umeuloweka nusu saa, kikombe kimoja na nusu. Supu iwe inachemka unapotia mchele. Chumvi onja hapohapo, izidi kidogo tu, maana mchele utaimeza. Geuza mara moja, funika, na maji yakishafika usawa wa mchele punguza moto mpaka mwisho. Usikoroge. Kila unapokoroga unavunja punje, na punje ikivunjika inatoa wanga, na huo wanga ndio bokoboko.

Makaa ya kupalia huna, funika na sahani nzito. Zima jiko ukiona mashimo madogo juu ya wali, uache dakika kumi bila kufunua.

Kijana wa Ghetto

Mkuu umeupiga mwingi. Mimi nilikuwa nakoroga kama ugali.

Mzee wa Supu

Mimi naomba kuuliza mjadala mwingine. Mnajuaje hoteli mpya ni nzuri kabla ya kuingia? Mwezi uliopita nilialikwa sehemu moja ya ufukweni, siitaji. Menyu unaipiga picha na simu, kurasa kumi na tano, wana pizza, wana sushi, wana biriani, wana makange. Samaki alikuja baada ya saa nzima, nje moto ndani barafu. Bili nikaisoma mara mbili.

Sufuria Nzito

Mzee, zile kurasa kumi na tano ndizo zilikuwa jibu. Jiko moja haliwezi kuwa na vitu themanini vibichi kwa siku moja, vingi viko kwenye friza. Mimi nafurahi nikiambiwa "hicho kimeisha". Hoteli ambayo biriani ya Ijumaa imekwisha saa nane mchana, Ijumaa inayofuata niko pale saa sita. Wanapika sufuria moja, inaliwa yote, kesho wanaanza upya. Anayekwambia kila kitu kipo, kuanzia asubuhi mpaka usiku, uliza kimepikwa lini.

Naangalia pia sinki la kunawia kama lina sabuni. Na napitisha jicho kwenye meza za waliomaliza: sahani zikirudi na wali nusu, natafuta pengine.

Bi Tui

Mie naangalia nani anakula. Nikiona madereva wa daladala na mashekhe wametoka msikitini wamekaa meza moja, naingia bila kuuliza bei.

Kona ya Choma

Wakubwa, nina kazi Dar wiki ijayo, nafika Alhamisi usiku naondoka Jumamosi mchana. Sina mtu huko. Nipangie, mleta uzi. Na usinipeleke choma, hiyo nitakula kwetu.

Sufuria Nzito

Jirani umekuja pazuri. Ijumaa asubuhi usile hotelini unakolala, hata kama wamejumlisha kwenye bei. Tafuta supu na chapati mtaani, ukamulie ndimu. Mchana biriani, na uwe umekaa kabla watu hawajatoka msikitini, la sivyo utakula wali mkavu wa chini. Kariakoo na Kisutu vyumba vya biriani vipo vingi, fuata foleni. Jioni Mamboz nakuja mwenyewe, utaonja sekela halafu uniambie tena kuhusu chumvi tupu. Jumamosi alfajiri twende Feri. Wapo wanaokaanga samaki na pweza hapohapo, utakula na kachumbari. Viatu vaa vya kuloa.

Kona ya Choma

Nimeandika yote. Kichwa cha samaki nitapewa?

Sufuria Nzito

Utapewa viwili.

Mama Wawili

Na vyombo ataosha nani huko Feri?

Mzee wa Supu

Feri tunalia kwenye gazeti, mama. Kula, kunja, tupa. Njoo na wewe.